Mtoto wa Ugenini na Homa ya Kwao

Watu wa milima ya Usambara walikuwa na elimu yao juu ya homa kabla elimu ya darubini haijawafikia. Waliipata kwa miguu. Mtu wa milimani aliyeteremka bondeni kwa biashara, akalala usiku kadhaa katika joto la nchi ya chini, alirudi kwake na baridi ya mifupa, kichwa kikimgonga na mwili ukiwaka kama jiko la mkaa. Maradhi hayo waliyaita kwa jina la mdudu waliyemshuku: mbu. Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani aliyekuwako Afrika ya Mashariki mwaka 1897 na 1898, alipata habari kwamba neno hilo moja lilitumika kwa mdudu na kwa ugonjwa pia, akaliandika. Wakati huo Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza ameona, huko India mwezi wa Agosti 1897, vimelea vya homa ndani ya tumbo la mbu. Hapana haja ya kutia chumvi na kusema kwamba watu wa Usambara walimshinda Ross mbio. Kushuku ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kitu kingine. Walakini ndani ya habari ile limo jambo la pili ambalo aghalabu hupitiwa upesi. Mtu mzima wa bondeni hakuangushwa na homa kwa namna ile ile. Mbu ni yule yule na maradhi ni yale yale, lakini mwenyeji aliendelea na jembe lake, na mgeni alibebwa kwa machela.

Jambo hili ndilo asili ya maneno yafuatayo, maana linawahusu watoto ambao Koch hakupata kuwawazia: watoto wa watu wa Tanga wanaozaliwa na kulelewa mbali na Tanga.

Yafaa kwanza kusema jinsi mwenyeji anavyopata nguvu ile. Hazaliwi nayo. Mtoto mchanga wa pwani huja duniani na akiba ndogo ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni, nayo humlinda kwa miezi michache, kisha huisha kama mafuta ya kibatari. Baada ya hapo huwa yu peke yake. Huumwa na mbu, huugua, hupona, huumwa tena, huugua tena. Na kila mara mwili wake hujifunza kidogo. Akivuka miaka ya mwanzo hai, homa humzoea naye huizoea. Hawi salama kabisa, ila haimtupi chini kama zamani. Kwa hiyo nguvu za mtu mzima wa Muheza au Mkinga hazikupatikana bure. Gharama yake ililipwa utotoni, na makaburi madogo yaliyo nyuma ya nyumba nyingi za zamani ni ya wale walioshindwa kuilipa. Tena kinga hii ina tabia moja mbaya: hudumu maadamu mtu yu katika mafunzo. Akiondoka akakaa miaka katika nchi isiyo na mbu wa homa, mwili husahau sehemu kubwa ya yale uliyofundishwa.

Tanga ni mji uliozoea watoto wa wageni. Reli iliyoanzwa mwaka 1893 ilipanda kutoka bandarini kuelekea milimani, na Wajerumani waliokuwa na uwezo waliitazama Usambara kama kimbilio la afya. Hewa ya baridi ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, ilikuwa kwao dawa pamoja na kwinini. Lakini wageni wengi zaidi hawakuwa Wazungu. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikabaki hai 62 tu, nayo ikawa mama wa mashamba yaliyoifunika nchi kutoka Pangani mpaka Korogwe. Mashamba yalitaka mikono. Mwaka 1944 wenye mkonge waliunda ofisi ya kuajiri watu iliyojulikana kwa jina la SILABU, na magari yake yakaleta watu kutoka Buha, Ubena, Urundi, Ruanda na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba yake. Wengine walikuja na wake na watoto, na baadhi yao walitoka katika nyanda za juu ambako homa hii ilikuwa chache. Mtoto aliyezaliwa juu ya vilima vya Urundi akaletwa kambini karibu na mto Pangani alikuwa, mbele ya mbu, mgeni sawa na mtoto wa bwana shamba. Tofauti yao ilikuwa katika yaliyofuata: mmoja alipewa kwinini, chandarua na tikiti ya kwenda mlimani, na mwingine alipewa nafasi katika chumba cha kambi.

Siku hizi safari imegeuka upande wa pili. Wana wa Tanga wanakaa London, Muscat, Toronto, Minneapolis na Copenhagen, na watoto wao huja nyumbani kwa likizo. Hapa ndipo penye hatari isiyotambulikana, kwa sababu haina sura ya hatari. Ina sura ya nyumbani.

Mchukue mama mmoja, asiyetajwa jina kwa kuwa ni wengi. Alizaliwa Ngamiani, akasoma Tanga, akaolewa, akahamia Uingereza miaka 11 iliyopita. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mmoja wa miaka 4. Mwezi wa Juni anapiga simu kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Mama, huku naambiwa watoto wameze vidonge vya malaria kabla ya kuja."

"Vidonge? Waumwa?"

"Hawaumwi. Ni vya kujikinga tu."

"Hao ni damu yangu. Wewe ulikulia nyumba hii hii, ukicheza na maji ya mtaroni. Ulimeza vidonge gani? Waache waje wale samaki."

Maneno ya bibi yana mapenzi, na mapenzi hayo yana uzito kuliko karatasi ya zahanati. Tena si maneno ya mjinga. Yeye amelea watoto sita katika nyumba ile na anajua alichokiona. Kosa limo katika neno moja tu, nalo ni damu. Anadhani kinga ya homa ni urithi, kama rangi ya macho au umbo la kidole. Ingekuwa hivyo, wajukuu wangekuwa salama. Lakini kinga hii ni mali ya mahali na mazoea. Mjukuu aliyezaliwa London anaposhuka kituoni Tanga, mbele ya mbu yu sawa na mtoto wa balozi. Hata mama yake, baada ya miaka 11, hawezi kuitegemea kinga aliyoondoka nayo.

Kuna kitu kimoja ambacho damu hurithisha kweli kweli, na inafaa kisichanganywe na hicho kingine. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya seli mundu kwa mzazi mmoja tu hulindwa kwa kiasi na ukali wa malaria. Ndiyo maana alama hiyo imejaa katika nchi za homa, pwani hii ikiwamo. Lakini wazazi wawili wenye alama wakikutana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, na kwa mtoto huyo malaria ni adui mkali zaidi, si mdogo. Huko Uingereza kila mtoto mchanga huchomwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa na tone la damu yake kuchunguzwa kwa ajili hiyo. Wazazi wengi wa Kiafrika huipata habari ya seli mundu kwa barua ya namna hiyo kwa mara ya kwanza maishani. Ndipo hukumbuka mjomba aliyekuwa akilia mifupa kila majira ya baridi, akafa kijana, na watu wakasema karogwa.

Twendelee na safari. Likizo kubwa ya shule za Ulaya ni Julai na Agosti, mara tu baada ya masika, wakati madimbwi yaliyoachwa na mvua yamekwisha kuzaa mbu wake. Likizo ya mwisho wa mwaka hufuata vuli. Kalenda ya shule za mbali na kalenda ya mbu wa pwani zimeandikwa kama kwa mkono mmoja. Juu ya hayo, mtalii hulala katika chumba chenye chandarua na nyavu madirishani, lakini mjukuu hulala sebuleni pamoja na binamu zake wanne juu ya mkeka, wakipiga hadithi mpaka usiku, kwa maana hilo ndilo lililomleta. Mtalii hukaa wiki moja, mjukuu hukaa sita. Mtalii akiona homa huogopa. Mjukuu akiwa na homa huambiwa ni hali ya hewa imembadilikia.

Bei nayo imo. Huko Uingereza vidonge vya kujikinga na malaria kwa kawaida havitolewi kwa gharama ya serikali; mwenye safari hununua mwenyewe. Kwa mtu mmoja si taabu kubwa. Kwa watu watano kwa wiki sita, juu ya nauli ya ndege na masanduku ya zawadi, ni fedha ya kumfanya baba ajikune kichwa. Wengine hufanya hila: huacha kununua huko, wakikusudia kutafuta dawa za bei rahisi wakifika, na katika fikira zao ipo klorokwini ya utoto wao, ile chungu iliyowashisha mwili. Klorokwini haifai tena pwani hii. Tena mambo ya dunia ni ya ajabu: habari za kwanza za vimelea vya Afrika vilivyoishinda dawa hiyo hazikutoka kwa wenyeji, zilitoka kwa wageni waliougua baada ya kuzuru Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, mmoja wao mtalii wa Kimarekani. Mwili wa mwenyeji, wenye kinga yake, uliisaidia dawa iliyokwisha kudhoofika na kuificha aibu yake. Mwili wa mgeni haukuwa na cha kuisaidia. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001.

Basi familia ile inarudi London mwishoni mwa Agosti. Homa ya aina mbaya huhitaji muda wa siku saba au zaidi kutoka kuumwa mpaka kuugua, na mara nyingi huzuka ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi. Shule imefunguliwa. Mtoto mdogo anarudi nyumbani amelegea. Daktari wa mtaa anaona mtoto mwenye joto, anayetapika kidogo, katika majira ambayo watoto wote wa darasa wana mafua. Kama hakuuliza mmesafiri wapi, na kama mama hakusema, mtoto hupewa dawa ya kushusha joto na kurudishwa kitandani. Malaria ya mtoto asiye na kinga haingoji adabu. Kati ya asubuhi na jioni yaweza kupanda kichwani. Mwaka 2023 Uingereza ilihesabu wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria iliyopatikana safarini, na miaka yote wengi wa wagonjwa hao ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona jamaa zao. Watalii ni wachache.

Sasa ulimi unaingia katika shauri la uhai. Usiku mtoto anakakamaa, macho yanapinduka, mikono inatetemeka. Mama wa Tanga analo neno la jambo hilo, naye hulitamka kwa hofu: degedege. Neno hili si jina la dalili tu. Limetoka kwa ndege, na katika mapokeo ya pwani ni mdudu au pepo wa mfano wa ndege mkubwa apitaye usiku juu ya nyumba. Kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hupatwa. Mtoto wa degedege hufukizwa, huogeshwa dawa, na kuna imani iliyoenea kwamba akichomwa sindano kabla ya hayo hufa. Watafiti waliokaa na akina mama wa Bagamoyo, kusini ya Tanga katika pwani hii hii, waliyaandika hayo katika miaka ya 1990. Kwa mama, basi, degedege ni mlango wa kifo.

Mkalimani hulitafsirije neno hilo? Akiwa na bidii atasema kwamba mtoto ametetemeka kwa ajili ya joto. Daktari wa Ulaya analijua jambo la namna hiyo, na kwake ni jambo dogo: huwapata watoto kati ya 2 na 5 katika kila 100 huko, hupita kwa dakika chache, na vitabu vinamwagiza amtulize mama. Hivyo neno lililotoka kinywani likiwa na uzito wa jeneza hufika sikioni likiwa na uzito wa unyoya. Hakuna aliyesema uongo. Mkalimani amelitafsiri sawasawa kwa kamusi, na katika usawa huo limepotea lile ambalo lingemfanya daktari achukue tone la damu. Upande wa pili, muuguzi akija na sindano mama anarudi nyuma hatua moja, na wenyeji wa hapo hudhani ni mkaidi. Wanaodharau taaluma ya tafsiri na kuiita kazi ya makarani wangefaa kusimama katika chumba hicho kwa dakika kumi.

Mara nyingi mkalimani mwenyewe ni yule mtoto wa miaka 7. Yeye ndiye ajuaye Kiingereza cha shule, na Kiswahili chake ni cha jikoni. Anatakiwa aeleze kwa mganga jinsi ndugu yake alivyokuwa akifa, na aeleze kwa mama jinsi mganga anavyofikiri. Kanuni za Marekani za mwaka 2016 ziliwakataza waganga kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa pana hatari ya ghafula na hapana mwingine. Ni kanuni ya haki. Ubaya ni kwamba hatari ya ghafula ndiyo saa ambayo mtoto hutumwa.

Haitakuwa insafu kumlaumu daktari wa mbali pekee. Daktari wa nyumbani ana kosa lililo kinyume chake. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania, ukatangazwa mwaka 2004, uliwatazama wagonjwa zaidi ya 4,000, wakubwa na wadogo, waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, chini ya nusu walikuwa na vimelea. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine, wengi wao hawakupata dawa ya maradhi hayo, na katika hao vifo vilikuwa vingi zaidi. Huko homa yoyote ni mafua. Huku homa yoyote ilikuwa malaria. Mjukuu wa safari yu katikati ya mazoea haya mawili, na lolote kati yao laweza kumuua. Kipimo cha haraka cha tone la damu kimepunguza sana kosa la huku. Hata homa yenyewe imepungua: mwaka 2022, katika watoto wa Tanzania wa miezi 6 mpaka 59 waliopimwa, wapatao 8 katika 100 ndio walioonekana na vimelea.

Hapa kuna haki moja ya nchi hii isiyotajwa inavyostahili. Mtoto yule wa London, akifikishwa hospitali kwa wakati, hutundikiwa dawa iitwayo atesuneti. Ubora wa dawa hiyo juu ya kwinini kwa watoto ulijulikana mwaka 2010 kwa jaribio la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na kati ya hospitali zilizowalaza ilikuwamo Hospitali Teule ya Muheza, na Korogwe pia. Waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika 100. Waliopewa atesuneti walikufa 8 na nusu. Mama wa Ngamiani aliyekaa kando ya kitanda kile, akitazama chupa ikidondoka, hajui kwamba waliomjaribia mwanawe dawa ile walikuwa watoto wa mwendo wa saa moja kutoka kwao.

Mambo mengine ya malezi ya mbali ni mepesi zaidi, na yatosha kuguswa. Kovu la chanjo ya kifua kikuu begani mwa mtoto aliyezaliwa Bombo huwashangaza wauguzi wa nchi ambazo haziichanji, na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kikivimba mtoto huweza kudhaniwa anao ugonjwa. Kipo kipimo cha damu kisichodanganywa na chanjo hiyo, na mzazi anayejua hukiomba. Jua la kaskazini halitoshi ngozi nyeusi, kwa hiyo mtoto anyonyaye huhitaji matone ya vitamini D hata kama bibi anacheka kusikia kwamba jua linauzwa dukani. Wanja wa manga, unaopakwa nyusi na macho ya mchanga ili kumkinga na kijicho, mara nyingi una risasi ndani yake, nayo huingia mwilini na kuharibu akili ikikua. Hili la mwisho ni gumu kumwambia bibi, na hapana budi aambiwe.

Ipo pia chanjo ya malaria yenyewe. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vilivyoijaribu ile ya kwanza kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto 15,459, na Shirika la Afya la Dunia liliikubali Oktoba 2021. Lakini imekusudiwa watoto wanaokaa katika nchi za homa. Haikutengenezwa kwa msafiri. Mjukuu wa London hana budi kurudi kwenye kidonge na chandarua. Kidonge kinachotumika sana kwa watoto huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku pamoja na chakula, na huendelea siku saba baada ya kurudi. Siku za Tanga si ngumu, kwani bibi akiisha kubali husimama mlangoni na glasi ya maziwa. Ngumu ni zile saba za mwisho, masanduku yamekwisha kufunguliwa, viatu vimekwisha kuoshwa udongo mwekundu, na mama anarudi kazini zamu ya usiku.